Gemu za Kina Mario na Simba: Zilikuwa Ngumu Kweli, au Watoto Walikuwa Wanapigwa Hela?

Mwaka 1994, mwaka ule ule filamu ya The Lion King ilipoingia kwenye majumba ya sinema, gemu yake nayo ilitoka kwa mashine za Super Nintendo na Mega Drive. Kwa mtoto anayeongea Kiswahili ilikuwa kama gemu ya nyumbani. Simba anaitwa Simba, Rafiki anaitwa Rafiki, na Pumbaa ndiye yule yule. Hatua ya kwanza raha tupu. Simba mdogo anakimbia mbugani, anawapindua nungunungu, anajaribu kunguruma na inatoka sauti ya kitoto. Mchezaji anajiona bingwa.

Halafu inakuja hatua ya pili, na hapo ndipo kilio kinapoanza.

Kuna nyani wanaomkamata Simba na kumrusha, huyu anamtupa kwa yule, yule kwa mwingine. Baadhi ya nyani unatakiwa kuwaungurumia kwanza ili wabadili upande wanaotazama. Ukikosea mpangilio, unarudishwa ulikotoka. Kuna mbuni anayekimbia na Simba mgongoni, ukichelewa kuruka au kuinama kwa nusu sekunde umekwisha. Watoto waliokuwa wanaijua filamu nzima kwa kichwa, kila wimbo na kila neno, waliishia hapo hapo. Wapo waliokua, wakaoa, wakapata watoto wao, na hatua ya tatu hawajawahi kuiona.

Kumbe ilipangwa. Miaka mingi baadaye mmoja wa waliosimamia utengenezaji wa gemu ile alieleza hadharani kwamba kampuni ya filamu haikutaka mtoto aweze kuimaliza kwa kuikodi wikiendi moja tu. Ikabidi ugumu uongezwe mapema, mahali ambapo mkodishaji angekwama na kulazimika kununua. Nyani wale walikuwa geti.

Hiki kisa kinafaa kukumbukwa kila mara yanapozuka yale mabishano ya baa na vijiweni: eti gemu za zamani zilikuwa za wanaume, watoto wa siku hizi wamelegea, wanapewa kila kitu mkononi. Waliocheza Mario, Mega Man na Battletoads wanaongea kama maveterani wa vita. Ukweli ni kwamba vita ilikuwepo. Ila ukiangalia nani aliyeitangaza na kwa nini, hadithi inakuwa nyingine kidogo.

Turudi nyuma mpaka kwenye mashine za sarafu. Donkey Kong ilitoka mwaka 1981, na ndiyo iliyozizoesha dunia gemu za kurukaruka: jamaa mfupi anapanda ngazi, anaruka mapipa, sokwe yuko juu na binti aliyetekwa. Mashine hizi zilikaa kwenye kumbi za michezo, baa na maduka, na kila mchezo ulikuwa na bei yake. Mwenye mashine aliyaangalia mambo kama mwenye daladala. Kiti kikikaliwa na abiria mmoja kutwa nzima kwa nauli ile ile, gari haliendeshi biashara. Kwa hiyo gemu ilitakiwa iwe tamu kiasi cha kukufanya utake tena, na kali kiasi cha kukutoa haraka ili mwingine aweke sarafu.

Tena hili halikuachwa kwa bahati. Ndani ya kabati la Donkey Kong kulikuwa na vijiswichi ambavyo mwenye mashine angeweza kuvichezea: mteja apewe roho tatu, au nne, au tano, au sita. Apewe roho ya nyongeza kwa pointi 7,000, au asubiri mpaka 20,000. Mtoto aliyekuwa anajilaumu kwamba leo mkono mzito hakujua kwamba pengine mwenye duka alifungua kabati jana usiku.

Na kwa mabingwa wachache waliojua kila pipa linapita wapi, mwisho ulikuwa wa ajabu zaidi. Ukifika levo ya 22, hesabu ya muda ndani ya mashine inazidi uwezo wa namba ambayo kompyuta ile iliweza kuibeba, inazunguka na kuanza upya chini. Matokeo yake unapewa sekunde chache tu, hazitoshi kufika juu, na yule jamaa anakufa amesimama bila kuguswa na kitu. Waliotengeneza hawakutegemea mtu afike kule.

Gemu zilipohamia sebuleni, sarafu zilibaki nje lakini tabia iliingia ndani. Pitfall! ya mwaka 1982, iliyochezwa kwenye Atari, ilimpa mtu roho tatu na dakika 20 za kuvuka skrini 255 za msitu, zenye mamba, nge na magogo yanayobingirika. Aliyefikisha pointi 20,000 alipiga picha ya televisheni yake, akaituma kwa posta kwa kampuni, akarudishiwa nembo ya kitambaa ya kushona kwenye nguo. Hapo ugumu ulikuwa umeshageuka sifa. Hakuna aliyelipa kwa kila jaribio, lakini heshima ya kitaa bado ilihesabiwa kwa jasho.

Sababu kubwa zaidi nyumbani ilikuwa nafasi. Super Mario Bros., iliyotoka Japani Septemba 1985, yote nzima, muziki, picha, hatua 32, kasri nane na yule joka wa mwisho, ilikaa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwa simu leo inaweza kuwa na uzito kuliko gemu hiyo mara hamsini. Sasa utamuuzia mzazi kitu kidogo hivyo kwa bei ya kaseti mpya, halafu mtoto akimalize Jumamosi asubuhi? Mtu anayezijua njia za mkato za Mario anaifikia mwisho wake chini ya dakika tano. Dakika tano! Kilichoifanya ionekane ndefu ni kwamba ukifa roho zote, unaanza upya kutoka hatua ya kwanza. Hakuna kusevu. Ugumu ndio uliokuwa unene wa gemu.

Hata hivyo Mario wa 1985 asiwekwe kapu moja na wale nyani. Ile gemu ina adabu. Angalia mwanzo wake. Adui wa kwanza anakuja peke yake, taratibu, mahali ambapo hakuna shimo. Ukimgonga unakufa, lakini umepoteza sekunde tatu tu, na tayari umejifunza kwamba lazima uruke. Shimo la kwanza linakuja baadaye. Kila kitu unaonyeshwa kwanza kikiwa rahisi, ndipo unaletewa kikiwa kigumu. Mtu akifa kwenye Mario mara nyingi anajua kabisa alikosea wapi, na ndiyo maana anajirusha tena kwenye pedi badala ya kuivunja.

Tena ilikuwa na huruma iliyofichwa. Baada ya kufa roho zote, ukishikilia kitufe cha A huku ukibonyeza Start, unaanzia dunia ile ile uliyofia. Wangapi walilijua hilo?

Afrika Mashariki hasa hilo lilikuwa shida. Mario alifika kwa wengi kupitia mashine za kuiga za Famicom kutoka Asia, zile zilizouzwa na kaseti iliyoandikwa gemu 9999, kumbe ndani kuna chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Kitabu cha maelekezo hakuna, gazeti la gemu hakuna. Siri ilitembea kwa mdomo, kutoka kwa binamu aliyekuja likizo au jirani mwenye kaka yake mjini, na nusu ya siri hizo zilikuwa uongo mtupu. Mtoto wa Marekani angalau alikuwa na namba ya kupiga. Nintendo ilikuwa na kituo cha simu karibu na Seattle, wamekaa vijana wenye vichwa vya kusikilizia masikioni, kazi yao kumweleza mtoto anayelia namna ya kumpita bosi fulani. Nani alilipa bili ya simu ya masafa marefu? Mzazi, si mwingine.

Ukitaka kuona ukatili wenyewe, wa kukusudia, nenda Japani mwaka 1986. Super Mario Bros. 2 ya kule ilitoka na maandishi kwenye lebo yake kwamba ni kwa ajili ya wachezaji wakali. Walikuwa hawatanii. Mle ndani kuna uyoga wenye sumu, ili ule uyoga uliozoea kuukimbilia sasa ukuue. Kuna upepo unaokusukuma hewani. Na kuna njia za mkato zinazokurudisha nyuma, yaani umehangaika kulitafuta bomba la siri, unazama ndani kwa furaha, unaibukia dunia uliyokwisha kuipita. Ofisi ya Marekani iliiangalia ikaona hii itawafukuza wateja, ikaikataa. Wamarekani wakapewa gemu nyingine ya Kijapani iliyobadilishwa sura na kuitwa Super Mario Bros. 2 mwaka 1988. Ile ya sumu waliipata 1993, ndani ya kifurushi cha Super Mario All-Stars.

Capcom nao walikuwa na lao. Ghosts 'n Goblins, 1985: shujaa anavaa deraya, akiguswa mara moja anabaki na chupi, akiguswa tena anabaki mifupa. Unapambana na mizimu na mashetani mpaka mwisho, unamfikia bosi, unamshinda, halafu unaambiwa ulichokiona ni mtego. Rudia yote tangu mwanzo, safari hii ikiwa ngumu zaidi. Ni njia rahisi ya kupata gemu mbili kwa bei ya kutengeneza moja. Anayesema hiyo ni sanaa aulizwe kama aliwahi kuimaliza.

Sasa biashara ya kukodi. Huko Marekani, maduka ya kanda za video yalianza kukodisha na gemu. Mtoto analipa dola chache, anakaa na kaseti wikiendi nzima, Jumatatu inarudi dukani. Watengenezaji waliona pesa yao inapita dirishani. Nintendo iliipeleka mahakamani Blockbuster mwaka 1989, lakini hata kesi yenyewe ilihusu vitabu vya maelekezo vilivyokuwa vinarudufiwa, kwa sababu kukodisha kaseti hakukuwa kosa. Sheria ya mwaka uliofuata ilizuia ukodishaji wa programu za kompyuta lakini kaseti za gemu ikaziacha. Japani kwenyewe mambo yalikuwa tofauti, kukodisha gemu hakukuruhusiwa.

Weka gemu hizo hizo za nchi mbili kando kwa kando uone. Castlevania III ilitoka Japani mwaka 1989 na Marekani 1990. Kwenye ile ya Kijapani, maumivu unayopata yanategemea aliyekugonga, popo si sawa na jitu. Kwenye ile ya Kimarekani, kadiri unavyosonga mbele ndivyo kila mgongo unavyouma zaidi, hata wa popo. Mmoja wa wasaidizi wa shujaa alikuwa anarusha visu kwa mbali, Marekani akapewa kisu cha kuchomea karibu. Ninja Gaiden III ya 1991 ndiyo imezidi: wachezaji wa Marekani walinyang'anywa nywila za kuendelea, wakawekewa ukomo wa mara tano za kujaribu tena, na adui akaongezewa nguvu ya kuumiza. Mtoto wa Osaka na mtoto wa Chicago walikuwa wanashika jina moja la gemu, lakini mmoja wao alikuwa anaadhibiwa kwa kosa la duka la kanda.

Haki itendeke, si kila mara mambo yalikwenda upande huo. Mega Man 2 ilipofika Marekani iliwekewa hali mbili, ya kawaida na ngumu, na ile ngumu ndiyo waliyokuwa wakiicheza Wajapani siku zote. Battletoads, kazi ya Waingereza ya 1991, ilipunguzwa makali ilipopelekwa Japani. Kwingineko iliachwa jinsi ilivyo, na ile hatua ya tatu, ya vyombo vinavyokimbia pangoni huku kuta zikikujia usoni, imevunja urafiki mwingi. Wachezaji wawili wanaweza kupigana ngumi kwa bahati mbaya, na kwenye hatua moja ya mbele kabisa kasoro ya programu inamfanya mchezaji wa pili ashindwe hata kusogea. Wawili waliofika kule kwa pamoja, baada ya mateso yote yale, wanakuta mmoja wao amefungwa mikono. Huo nao huhesabiwa kwenye ugumu?

Kuna jambo ambalo wazee wa gemu hawapendi kukumbushwa: hata waliozitengeneza zilikuwa zinawashinda. Mwaka 1986, mwandishi wa programu mmoja wa Konami alikuwa anaihamishia Gradius kwenye mashine ya nyumbani. Kila akitaka kuijaribu anakufa mapema. Akajiwekea mfuatano wa siri wa vitufe, juu juu, chini chini, kushoto kulia na kuendelea, ili apewe silaha zote. Ukasahauliwa mle ndani. Miaka miwili baadaye mfuatano huo huo ulikuwa ndani ya Contra ya NES ukitoa roho 30, na kizazi kizima kinaujua kuliko namba ya simu ya mama. Wengi wanaojisifu waliimaliza Contra waliimaliza na roho 30.

Wengi wa watu hao hatukuwajua hata majina. Kampuni za Kijapani za wakati ule ziliogopa wafanyakazi wao wasinyakuliwe na washindani, hivyo mwishoni mwa gemu palipotakiwa kuandikwa walioitengeneza palijaa majina ya utani. Mtu aliyeweka mwewe wa Ninja Gaiden, yule anayetokea hewani wakati huo huo unaporuka shimo, akikugusa unasukumwa nyuma unatumbukia, na ukirudi hatua moja kumkwepa anazaliwa upya, mtu huyo alikuwa na mahali pa kujificha.

Basi zilikuwa ngumu? Chukua mruko mmoja mmoja upime. Celeste ya 2018 ina miruko ambayo Mario wa 1985 hakuwahi kuiota. Super Meat Boy ya 2010 ina misumeno kila kona. Kwa ugumu wa vidole, gemu hizi mpya zinaziacha mbali nyingi za zile za zamani. Lakini kwenye Celeste ukifa unarudi papo hapo, mwanzoni mwa chumba kile kile, sekunde moja haijaisha. Gemu inakuhesabia vifo na kukuambia ujivunie. Tena inakusaidia kimyakimya: ukichelewa kidogo kuruka baada ya mguu kutoka ukingoni, bado inakukubalia. Unaweza kufa mara elfu mbili jioni moja na ukalala na furaha.

Kwenye Ninja Gaiden ya kwanza, ukifa kwa mabosi wa mwisho unarudishwa mwanzo wa sura ya sita, na kuna mwewe njiani. Kitu kilichobadilika ni bei ya kosa. Zamani kosa la nusu sekunde lililipwa kwa nusu saa ya kurudia ulichokwisha kukiweza. Hiyo nusu saa haimfundishi mtu kitu kipya. Inajaza muda tu, kama foleni.

Na anayezijaribu leo asijicheke akishindwa. Gemu zile zilitengenezewa televisheni za kioo kinene, ambapo kitufe na picha vilikwenda pamoja. Televisheni bapa nyingi za leo huchelewesha picha kidogo kabla ya kuionyesha, kiasi usichokiona ukitazama tamthilia, lakini ukingoni mwa shimo kinatosha kukuua. Baba anayemwonyesha mwanawe ubingwa wa zamani, akatumbukia shimo la kwanza, pengine hajazeeka kama anavyodhani.

Wapo watakaosema kwamba kurudia ndiko kulikowafundisha uvumilivu, na wana sehemu yao ya ukweli. Mtoto aliyekariri Battletoads alijifunza kwamba kisichowezekana Jumatatu kinawezekana Ijumaa. Lakini kwa kila mmoja aliyetoboa, kulikuwa na wengi walioweka pedi chini wakiamini vichwa vyao vizito, wakamwachia kaka au rafiki, na hawakugusa tena. Hawakuambiwa kuhusu vijiswichi vya kabati, wala wikiendi ya kukodi, wala kilobaiti 40. Waliona skrini nyeusi tu, imeandikwa mchezo umekwisha.

Mwaka 2019 The Lion King ilitolewa upya kwa mashine za kisasa, pamoja na Aladdin. Nyani ni wale wale, mbuni ni yule yule. Ila imeongezwa kitufe cha kurudisha muda nyuma. Nyani akimtupa Simba upande siko, unakibonyeza, Simba anarudi hewani kinyumenyume mpaka mikononi mwa nyani, unaunguruma upya. Hatua ya tatu iko pale mbele. Ni makaburi ya tembo.